Ukuta wako utakula matofali mangapi: hesabu kamili kuanzia msingi hadi gebo

Kwenye viwanda vya matofali vya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Bunju, swali moja haliishi: "Nyumba ya vyumba vitatu inakula tofali ngapi?" Jibu nalo haliishi: elfu mbili, elfu mbili na nusu, mwingine elfu tatu. Anayejibu hajaiona ramani, hajauliza chumba kina ukubwa gani, hajui kiwanja kina mteremko kiasi gani. Kuna vyumba vitatu vya mita tatu kwa tatu na kuna vyumba vitatu vya mita nne kwa tano, na kati ya nyumba hizo mbili tofauti inaweza kufika matofali mia kadhaa.

Matofali huhesabiwa kwa ukuta. Ukishajua vitu vitatu, yaani ukubwa halisi wa tofali utakalonunua, namna litakavyowekwa, na eneo la ukuta baada ya kutoa milango na madirisha, unapata namba unayoweza kuitetea mbele ya fundi na mbele ya mwenye kiwanda. Unahitaji futikamba, kalamu na kikokotoo cha simu. Nitatumia tofali la saruji tunalojengea sehemu kubwa ya Tanzania, lile zito lisilo na matundu, na nyumba moja ya mfano tutakayoihesabu mpaka mwisho.

Pima tofali kwa mkono wako

Tofali letu la kawaida huitwa la inchi 6 au la inchi 5. Hiyo inchi ni unene tu. Urefu ni inchi 18 na kimo ni inchi 9, yaani takriban milimita 450 kwa 230. Unene wa inchi 6 ni kama milimita 150, na wa inchi 5 ni kama 125.

Hivyo ndivyo linavyopaswa kuwa. Uwanjani mambo ni tofauti, kwa sababu kila mfyatuaji ana mashine yake au kibao chake, na vibao havifanani. Kabla hujalipa, nenda na futikamba. Panga matofali kumi kwa mstari, yagusane kichwa kwa kichwa, upime urefu wote kisha ugawe kwa kumi. Fanya hivyo pia kwa kimo. Kupima tofali moja hakutoshi, maana moja linaweza kuwa limevimba au limemong'onyoka kona.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu hapa ndipo pesa ya watu inapopotea bila kuonekana. Tuseme kiwanda kimoja kinauza tofali lenye 450 kwa 230, na cha jirani kinauza la 430 kwa 215 kwa bei pungufu kidogo. Ukiyatazama yakiwa yamepangwa, huoni tofauti. Lakini la kwanza linaingia kama 8.5 kwenye mita moja ya mraba, na la pili linaingia karibu 9.5. Kwa kila mita za mraba mia za ukuta unaongeza matofali mia moja, pamoja na usafiri wake, mota yake (mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuyaunganisha) na malipo ya fundi ya kuyajenga. Punguzo la bei lazima lishinde hayo yote ndipo liitwe punguzo.

Kusimamisha au kulaza

Tofali hilohilo linaweza kujengwa kwa namna mbili. Likisimamishwa, kimo chake cha inchi 9 kinakwenda juu na ukuta unakuwa na unene wa inchi 6 (au 5). Ndivyo boma, yaani kuta zilizo juu ya msingi, la nyumba nyingi za kawaida linavyojengwa. Likilazwa, ule upana wa inchi 9 unakaa chini, ukuta unakuwa mnene wa inchi 9, na kila kozi, yaani kila mstari wa matofali, inapanda kwa inchi 6 tu. Msingi kwa kawaida hulazwa, kwa kuwa unabeba nyumba nzima na kuzuia kifusi kilichojazwa ndani.

Kwa hesabu, tofauti ni kubwa. Ukuta wa kulaza unakula karibu mara moja na nusu ya ule wa kusimamisha kwa eneo lilelile. Anayehesabu msingi wake kwa kiwango cha boma atakwama na matofali nusu njia, tena kabla ya jamvi (sakafu ya zege juu ya msingi), wakati mvua ikiweza kushuka muda wowote kujaza mitaro.

Matofali kwa mita moja ya mraba

Tofali halikai peke yake ukutani. Lina mota chini yake na pembeni yake, na mota hiyo nayo inachukua nafasi. Mota ya mafundi wetu mara nyingi huwa na unene wa milimita 20 hivi. Kwa hiyo ongeza 20 kwenye urefu na 20 kwenye kimo, zidisha, kisha gawa 1 kwa jibu hilo. Pima kwa mita:

Tofali la 450 kwa 230 likisimamishwa: 0.47 × 0.25 = 0.1175. Gawa 1 kwa 0.1175, unapata 8.5.

Tofali la inchi 6 likilazwa, uso unaoonekana ni 450 kwa 150: 0.47 × 0.17 = 0.0799. Unapata 12.5.

Tofali la inchi 5 likilazwa, uso ni 450 kwa 125: 0.47 × 0.145 = 0.068. Unapata 14.7.

Angalia kwamba likisimamishwa, la inchi 5 na la inchi 6 huingia idadi moja, kwa kuwa uso wao ni mmoja. Likilazwa ndipo wanapoachana. Kwa hiyo anayenunua la inchi 5 kwa ajili ya msingi kwa sababu ni rahisi, ajue kwamba atanunua mengi zaidi kwa kimo kilekile.

Kama bloku zako ni za aina nyingine, kwa mfano zile za milimita 390 kwa 190 zenye mota ya milimita 10, kanuni haibadiliki: 0.40 × 0.20 = 0.08, na 1 gawa kwa 0.08 ni 12.5. Kwa wale wanaofikiri kwa futi, ukuta wa futi 10 kwa futi 10 ni mita za mraba 9.29, na unakula matofali 79 ya kusimamisha bila kuhesabu ya kuvunjika.

Wengi hutumia "kumi kwa mita" kwa kuwa ni rahisi kichwani. Kwa ukuta mdogo wa choo cha nje haina madhara. Kwa nyumba nzima, na hasa ikipigwa bila kutoa milango na madirisha, inakununulia mamia ya matofali yasiyo na kazi. Tutaona ni mangapi.

Unene wa mota nao uutazame. Kuna fundi anayeweka mota ya milimita 35, ama kwa sababu matofali yamepinda na anasawazisha, ama kwa haraka. Kwa mota hiyo matofali yanashuka hadi 7.8 kwa mita, na mwenye nyumba anafurahi kuona yamebaki. Lakini mota imeongezeka kwa zaidi ya nusu tena, na ukuta wenye maungio manene hauna nguvu kama wenye maungio membamba. Saruji iliyokwenda humo imegharimu, na ukuta haukupata faida yoyote.

Urefu wa kuta, bila kuhesabu kona mara mbili

Sasa ramani. Nyumba yetu ya mfano ina vipimo vya nje vya mita 9 kwa 7: sebule na chumba mbele, na nyuma chumba cha pili, choo na jiko. Kuta zote ni za inchi 6 za kusimamisha.

Ukijumlisha pande nne za nje unapata 9 + 7 + 9 + 7 = mita 32. Lakini kila kona umeihesabu mara mbili, kwa kuwa unene wa ukuta mmoja uko ndani ya urefu wa mwenzake. Kona ni nne na unene ni 0.15, kwa hiyo toa 0.6. Kuta za nje ni mita 31.4.

Kuta za ndani pima kutoka uso wa ukuta hadi uso wa ukuta, yaani uwazi wa ndani tu. Ule mrefu unaogawa mbele na nyuma ni mita 8.7. Ukuta unaotenga sebule na chumba cha mbele ni mita 3.55. Nyuma kuna kuta mbili za mita 3 kila mmoja, jumla 6. Kuta za ndani zote: 8.7 + 3.55 + 6 = mita 18.25.

Jumla ya urefu: 31.4 + 18.25 = mita 49.65.

Ushauri wa vitendo: chukua nakala ya ramani, na kila ukuta ukishauhesabu upitishie kalamu nyekundu. Ukuta unaosahaulika sana ni ule mfupi wa choo cha ndani na ule wa stoo. Unaohesabiwa mara mbili ni ule unaotenganisha vyumba, kwa kuwa mtu huhesabu chumba kwa chumba na kila chumba kina kuta nne. Usihesabu kwa vyumba. Fuata ukuta wenyewe kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake.

Kimo kwa kozi

Tofali lenye kimo cha inchi 9 likisimamishwa, pamoja na mota yake, linafanya sentimita 25. Kwa hiyo kozi nne ni mita moja kamili, na hiyo inarahisisha mambo mengi. Mafundi wengi hupandisha boma kozi 9 kutoka juu ya jamvi mpaka lenta (mkanda unaopita juu ya milango na madirisha), yaani mita 2.25, kisha lenta ya zege, kisha kozi mbili au tatu mpaka linapokaa paa. Lenta ni zege na nondo, haihesabiwi matofali. Kwenye nyumba yetu tunachukua kozi 9 chini ya lenta na 3 juu yake: kozi 12, yaani mita 3 za matofali.

Hapa mtu mwenye ramani ambayo bado haijafungwa anaweza kujiokoa matofali mengi ya kukatwa. Panga kimo cha dirisha kifuate kozi. Dirisha linaloanza juu ya kozi ya nne (mita 1 kutoka jamvi) na lenye kimo cha mita 1.25 linafika kwenye lenta bila fundi kukata tofali hata moja kwa kimo. Dirisha la mita 1.35 litamlazimisha akate kozi nzima chini yake, na kila kinachokatwa kwa ubavu hutoa kipande kisicho na kazi. Vilevile kipande cha ukuta kati ya mlango na kona kikiwa kifupi kuliko tofali moja, kitajengwa kwa vipande vitupu.

Milango na madirisha

Toa uwazi wote, ukipima tundu lililoachwa ukutani na siyo ubao wa mlango. Fremu ina unene wake, na tundu la mlango linaanzia kwenye jamvi mpaka lenta. Kwenye nyumba yetu:

Milango miwili ya nje, upana wa mita 1 na kimo 2.25: mita za mraba 4.5.
Milango mitatu ya ndani, upana 0.9: 6.075.
Mlango wa choo, upana 0.8: 1.8.
Madirisha manne ya 1.5 kwa 1.25: 7.5.
Dirisha la jiko, 1.2 kwa 1: 1.2.
Kidirisha cha choo, 0.6 kwa 0.5: 0.3.

Jumla ni mita za mraba 21.375. Siyo kitu kidogo: ni matofali 182.

Boma

Eneo lote ni 49.65 × 3 = mita za mraba 148.95. Toa 21.375, inabaki 127.575. Zidisha kwa 8.5: matofali 1,084.

Hakiki kwa njia ya pili, ya kozi. Gawa urefu wa kuta kwa 0.47: kozi moja nzima inakula matofali kama 105.6. Kozi 12 ni 1,267. Toa yale 182 ya milango na madirisha, unabaki na 1,085. Njia mbili zikikaribiana hivi, hesabu iko salama. Zikiachana kwa zaidi ya matofali ishirini, kuna ukuta umeuruka au umeuhesabu mara mbili. Rudi kwenye ramani.

Sasa mlinganishe aliyetumia "kumi kwa mita" bila kutoa uwazi: mita 148.95 mara 10 ni matofali 1,490. Amezidisha kwa mia nne na zaidi. Kwa tofali la shilingi 1,500, kama mfano, hizo ni zaidi ya shilingi 600,000 zimekaa uani zikiota ukungu, wakati mwenye nyumba anatafuta pesa ya nondo za lenta.

Msingi

Msingi unafuata kuta zilezile, kwa hiyo urefu wa mita 49.65 tunao tayari. Ukuta wa msingi ni mnene zaidi, hivyo kuta za ndani zinapungua sentimita chache kila ncha; ni kidogo sana, acha ilivyo. Milango hapa haitolewi, kwa kuwa msingi hauna milango.

Matofali ya inchi 6 yakilazwa, kila kozi pamoja na mota inapanda sentimita 17. Kozi tano zinafanya sentimita 85. Kozi moja ni matofali 106, tano ni 530. Rahisi hivyo, ilimradi kiwanja kiwe tambarare kama vilivyo vingi vya Kigamboni.

Kwa maeneo ya mteremko kama Goba, Kimara au Salasala, kozi tano ni upande mmoja tu wa nyumba. Kabla ya kuhesabu msingi wa kiwanja cha mteremko, vuta kamba kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, isawazishe kwa pima maji, au kwa mpira wenye maji, ambao ni sahihi zaidi kwa umbali mrefu, kisha upime kutoka kwenye kamba hadi ardhini. Kama upande wa juu unahitaji kozi 4 na upande wa chini kozi 8, wastani ni 6: matofali 636 badala ya 530. Mteremko ukiwa mkali zaidi ya hapo, usitumie wastani. Igawe nyumba vipande, kila ukuta na kozi zake, ujumlishe. Na ukuta wa msingi unaozidi mita moja na nusu kwa upande wa chini umwonyeshe mhandisi, maana sasa unasukumwa na kifusi kutoka ndani, na unene wa tofali la kulaza peke yake unaweza usitoshe.

Boma hukisiwa kwa urahisi kwa kuwa linaonekana kwenye ramani. Msingi haukisiwi, kwa kuwa ramani nyingi hazionyeshi ardhi ilivyo. Nyumba mbili za ramani moja, moja Kigamboni na nyingine Goba, zinaweza kutofautiana matofali mamia, na yote yakawa chini ya jamvi, mahali ambapo mgeni hatayaona kamwe.

Gebo na kuta za kuficha bati

Paa la migongo minne, linaloteremka pande zote nne, halina gebo, yaani ule ukuta wa pembetatu unaoziba ncha ya paa. Kozi zinaishia sawa pande zote. Paa la mgongo wa tembo, linaloteremka pande mbili tu, lina gebo mbili, na kila moja ni pembetatu: upana mara kimo, gawa kwa mbili. Kwa nyumba yetu yenye upana wa mita 7, paa likipanda mita 1.75, gebo moja ni 7 × 1.75 ÷ 2 = mita za mraba 6.125. Mbili ni 12.25, matofali 104. Hapa ongeza asilimia 15, kwa kuwa kila kozi inakatwa mshazari ncha zote mbili. Andika 120.

Wanaojenga nyumba za kuficha bati wahesabu kuta zinazopanda kuzunguka paa. Kozi 3 kuzunguka mita 31.4 ni 23.55 za mraba, yaani matofali 200 kamili. Watu huyasahau kwa sababu hujengwa mwishoni, wakati gari la kwanza la matofali limeshasahaulika.

Ya kuvunjika na ya kukatwa

Asilimia 5 inatosha kwa tofali zuri lililomwagiliwa maji vizuri na kwa ramani isiyo na kona nyingi. Kama barabara ya kufika kwako ni ya mashimo, au tofali ni la mfyatuaji usiyemjua, weka 10. Likikatika lenyewe ukilishika ncha mbili na kulitikisa, usitafute asilimia. Tafuta kiwanda kingine. Tofali linahitaji kumwagiliwa siku 7 angalau baada ya kufyatuliwa, na mengi yanauzwa kabla ya hapo kwa sababu wateja wana haraka. Uliza yalifyatuliwa lini, kwaruza kona kwa msumari, tazama ndani ya lililovunjika: likiwa la kijivu kilichokolea na mchanga haudondoki, saruji imo.

Kwa asilimia 5, boma la nyumba yetu ni 1,084 × 1.05 = 1,138, na msingi wa kozi tano ni 530 × 1.05 = 557. Jumla kama 1,700 kwa paa la migongo minne, au 1,820 kukiwa na gebo.

Saruji ya kujengea

Ukijua matofali unajua na saruji. Kwa mota ya kipimo kimoja cha saruji kwa sita vya mchanga, na baada ya kuruhusu inayomwagika na inayokauka kwenye karai, mfuko mmoja wa kilo 50 unajenga matofali kama 70 ya kusimamisha. Ya kulaza yanakula mota zaidi kwa kuwa tandiko ni pana: chukua 50 kwa mfuko. Nyumba yetu basi inataka mifuko 15 au 16 kwa boma na 11 kwa msingi. Mfuko mmoja ni kama lita 35, hivyo mchanga wake ni lita 210, ndoo kumi na nusu za lita 20. Ukiona kibarua anahesabu mchanga kwa beleshi, mpe ndoo. Beleshi la asubuhi na beleshi la saa tisa alasiri hayalingani.

Ukuta wa uzio

Uzio una hesabu ileile na jambo moja la ziada: nguzo. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mzunguko wa 80. Toa geti la mita 4, inabaki 76. Kukiwa na nguzo ya zege yenye upana wa sentimita 23 kila baada ya mita 3, nguzo ni kama 26 na zinakula mita 6 za urefu. Matofali yanajengwa mita 70. Kwa kozi 8, mita 2, eneo ni mita za mraba 140, matofali 1,190 kabla ya asilimia 5. Msingi wake uhesabu peke yake kwa kulaza, kama tulivyofanya kwa nyumba.

Kuagiza, kupokea na kulipa

Usilete yote siku moja. Leta ya msingi, ujenge, umwage jamvi, kisha leta kama asilimia 90 ya boma. Kozi tano za mwanzo zikishapanda, hesabu yaliyobaki na linganisha na karatasi yako. Hapo unajua kama fundi anavunja kupita kiasi au kama mota inanenepa, na bado una nafasi ya kurekebisha kabla ya kuagiza sehemu ya mwisho.

Tofali la inchi 6 lina uzito wa kilo 32 hivi likikauka. Matofali 300 ni karibu tani 10. Mwenye gari la tani 7 akikuambia amebeba 300, ama gari limezidiwa ama matofali hayafiki idadi, ama ni madogo kuliko ulivyopima. Hesabu wakati wa kushusha, siyo baadaye. Yapangwe kwa mafungu ya idadi moja, kwa mfano kumi kwa safu na safu tano kwenda juu, ili kila fungu liwe 50 na mtu yeyote aweze kuhakiki kwa jicho. Yaliyomwagwa chini kwa lundo hayahesabiki, na mengi yake yameshapasuka.

Jambo la mwisho linahusu fundi. Sehemu nyingi fundi hulipwa kwa tofali, na hapo ndipo ugomvi mwingi wa saiti unapoanzia: yeye anahesabu yaliyonunuliwa, au anahesabu ukuta kana kwamba madirisha hayapo, wewe unahesabu yaliyojengwa. Kubalianeni kabla ya kozi ya kwanza, kwa maandishi, kama tundu la dirisha linahesabiwa au halihesabiwi, na kama tofali la kulaza na la kusimamisha yana bei moja. Kama mmekubaliana kulipana kwa yaliyoko ukutani, nyumba yetu ya mfano ina 530 ya msingi na 1,084 ya boma. Yale 80 na ushee ya kuvunjika yamo kwenye hesabu yako ya kununua, hayamo kwenye malipo yake. Mkishakubaliana, mpe fundi nakala ya karatasi ya hesabu, naye ahakiki kozi kwa kozi kadiri boma linavyopanda.